"Huku balaa": neno tulilolizoea mpaka likatuumbua

Mwenzenu nipo, mzima wa afya, ingawa bumu limeshakata na wiki hii ni mwendo wa chapati kavu na chai ya rangi. Nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu foleni ya kafteria, lakini foleni ipo tu, haikimbii. Leo kuna neno limenikaa kooni, na nisipolitoa nitashindwa hata kusoma, na UE zenyewe ndo hizo zinabisha hodi.

Neno lenyewe ni BALAA.

Jana usiku tulijazana kwenye chumba cha TV cha hosteli kuangalia mpira. Nikaamua kufanya utafiti wangu wa kienyeji: kalamu na daftari, kila mtu akisema "balaa" naweka kijiti. Kipindi cha kwanza peke yake vijiti 17. Pasi ya balaa. Kipa balaa. Refa balaa (huyu alikuwa anatukanwa). Jezi mpya za wageni, balaa. Jamaa mmoja akapitisha karanga, aliyeonja akasema "hizi karanga ni balaa", na mpaka sasa naandika sijui kama alimaanisha tamu au zimeoza. Watu tukacheka. Rumeti wangu, aliyekaa pembeni yangu, akaniinamia sikioni akasema taratibu: "Tubakishie mapaja."

Nikaacha kucheka palepale. Kwa nini niliacha nitawaambia, ila naomba nianzie mbali kidogo, Tanga, jikoni kwa bibi yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Desemba. Bibi kapika pilau, lile la binzari nyembamba, mbatata zimeiva mpaka zinapasuka zenyewe. Nikala sahani ya kwanza, nikaongeza ya pili, kisha kwa moyo safi kabisa nikamsifu: "Bibi, pilau lako ni balaa!"

Bibi akashusha mwiko.

"Chakula changu ndo balaa? Nimekaa jikoni tangu saa nne, moshi wote umeniishia machoni, kumbe nawalisha balaa?"

Nikaanza kujieleza. Bibi, siku hizi hiyo ni sifa, ni kama kusema tamu sana. Hakutaka kusikia. "Neno tamu si lipo? Limekufa lini?" Mjomba akajifanya anakohoa ili asicheke. Bibi akamalizia kwa kuniambia kwamba balaa haliitwi ndani ya nyumba watu wakiwa wanakula, na mtu akiliita sana, iko siku litaitika.

Wakati ule nilimwona bibi wa zamani, hajui mambo ya mjini. Leo nasoma isimu, GPA ya kuungaunga lakini nasoma, na nimegundua kwamba siku ile bibi na mimi tulikuwa sahihi wote wawili. Hebu nieleze, mtanivumilia, sitaleta nadharia za kuumiza kichwa.

Balaa tumelipata kutoka Kiarabu. Huko mzizi wake unahusu kupima na kujaribu, yaani kumtia mtu kwenye mtihani. Ndo maana kwenye Kurani neno hilo limetumika kwenye kisa cha Nabii Ibrahim alipoamriwa kumchinja mwanawe: ule ulikuwa mtihani, na neno lililotumika ni hilohilo. Limetumika pia kwa Wana wa Israeli walipokuwa chini ya Firauni, watoto wao wa kiume wakichinjwa. Hapo unaweza kuona jinsi maana ilivyoteleza. Mtu anapimwa na nini? Mara nyingi na ugonjwa, njaa, kufiwa, kupotelewa na mali. Kipimo na machungu yake vikakaa pamoja muda mrefu mpaka neno likawa linabeba machungu yenyewe. Kwetu likaja na mzigo huo mgongoni. Kamusi zetu zinaliweka nyumba moja na janga, maafa na msiba, na ile habari ya kupima imebaki nyuma.

Lakini haijabaki mbali sana. Nenda Unguja, mweleze mzee kwamba gari limekufa njiani, mtoto anaumwa na hela imeisha. Atatikisa kichwa, atakwambia "mtihani huo". Sisi wengine tukisikia mtihani tunawaza karatasi na msimamizi anayetembeatembea kati ya viti, wao wanawaza dunia. Na mtihani nalo ni neno la Kiarabu, limetembea njia ileile. Kwa hiyo wenzangu mnaosema "UE ni balaa", hamjakosea hata kidogo. Kwa asili yake balaa NI mtihani. Tofauti ni kwamba hili la dunia halina desa.

Sasa sikilizeni hili, manake ndilo lililonishangaza zaidi. Kwenye sura ya Al-Anfal, panapozungumzwa Vita vya Badr vya mwaka 624, neno hilo limekuja limeshikana mkono na sifa ya uzuri: jaribio lililo jema, ambalo wapo wanaolieleza kuwa ni neema. Maana mtu anaweza kupimwa kwa kupewa, siyo kwa kunyang'anywa tu. Yani hata huko lilikozaliwa, balaa halikuwa na sura moja. Bibi akinisoma hapa atashangaa, lakini mjukuu wake hakuokota ile sifa jalalani.

Na si sisi pekee tuliolipokea. Waturuki wanalo, kwao ni bela, na ni shari. Wahausa wanalo, wanasema bala'i. Wanaozungumza Kiurdu wanalo, bala, na hao ndo ndugu zetu kabisa, kwa sababu wanaweza kumsifia mrembo kwamba uzuri wake ni wa bala, sawasawa na kijana wa Kinondoni anavyosema "mtoto mzuri balaa". Hatukukaa nao kikao. Kila mtu alifika mwenyewe.

Maneno mengine nayo yanacheza mchezo huu. Kutisha ni neno letu la Kibantu kabisa, lakini msanii akilishika jukwaa tunasema anatisha, tena anatisha kama njaa. Hatari utaliona kwenye kibao cha fuvu juu ya nguzo ya umeme, halafu chini ya nguzo hiyohiyo kuna muuza chipsi anasifiwa kwamba chipsi zake ni hatari. Noma, shida, moto, orodha ni ndefu. Nairobi wana "mbaya", mtu anaweza kukupenda mbaya na isiwe kesi. Waingereza wana terrific, ambalo zamani lilikuwa la kutia hofu, na leo mwalimu analiandika kwenye daftari la mtoto aliyepata zote. Inaonekana binadamu ndivyo alivyo. Akikutana na kitu kinachomzidi kimo, kizuri au kibaya, anakimbilia kwenye kabati la maneno ya hofu, kwa sababu maneno ya uzuri huwa madogo. "Nzuri" haitetemeshi mtu.

Kwa hiyo mniondoe kwenye lile kundi la wanaosema vijana tunaharibu Kiswahili. Lugha inatembea, ilianza kutembea kabla sijazaliwa na wala haitaniomba ruhusa.

Basi tatizo liko wapi? Hapa ndo narudi kwa rumeti wangu na yale mapaja.

Aprili 2024 tulikuwa mwaka wa kwanza. Idi ilikuwa tarehe 10. Rumeti ni mtu wa Rufiji, na siku chache kabla ya sikukuu akabeba begi akaenda kwao. Aliondoka akitutambia: mama anachinja bata, kuna pilau, kuna kuku wa kienyeji, nyie bakini na wali maharage wenu. Kwenye kundi letu la WhatsApp la darasa tukawa tunamsubiri atume picha ili tumtukane.

Ikafika usiku mmoja, saa mbili hivi, meseji yake ikaingia. Maneno mawili tu:

"Huku balaa."

Nawawekea majibu kama yalivyokuwa, manake bado ninayo. Wa kwanza kujibu ni mimi. Niliandika: "Tubakishie mapaja." Akafuata mwingine: "Tuma picha tule kwa macho." Mwingine: "Mtoto wa nani huyo balaa, ana mdogo wake?" Vikatuni vya kucheka mpaka machozi, safu nzima. Mmoja akaweka ule mchoro wa moto. Yeye hakujibu. Tukasema huyo kashiba, kalala, tukahamia kwenye kazi ya kundi iliyokuwa inatakiwa Jumatatu. Kesho yake nikamtania tena, tiki ikabaki moja. Keshokutwa, tiki moja. Nikasema bando limeisha.

Wale mnaoikumbuka masika ile mnajua nilichokuwa sijui. Mvua za El Nino zilikuwa zimeujaza Mto Rufiji, maji yakaingia vijijini Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba, yakafunika nyumba. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima, na walioathirika walikuwa zaidi ya 200,000. Hizo ni hesabu za nchi. Hesabu ya rumeti ilikuwa hivi: maji yameingia nyumbani kwao tangu alfajiri, mpunga wote wa mwaka uko chini, mama na wadogo zake wako kwenye mwinuko na magodoro mawili yaliyolowa, na baba yake mdogo aliyerudi kufungua mbuzi hajaonekana. Simu ina asilimia nne. Chaji ya kuandika maneno mawili, akachagua neno zito kuliko yote aliyokuwa nayo.

Sisi tukamjibu mapaja.

Baba mdogo alipatikana, alhamdulillahi, juu ya mwembe, na mbuzi mmoja kamkumbatia. Mpunga haukupatikana. Nyumba ilikuwa ya udongo, iliyeyuka.

Aliporudi chuo hakutugombeza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alifika, akatandika kitanda, akasema, "Mzee, poleni na masomo." Yeye ndo anatupa sisi pole! Nilipopata ujasiri wa kumuuliza kuhusu ile meseji, akasema, "Niliwaelewa. Hata mimi ningedhani pilau."

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na nimefika mahali pawili.

La kwanza ni la kisarufi. Ukichunguza utaona Kiswahili chenyewe kinatupa ishara. Balaa la sifa lina sehemu zake za kukaa: linakaa baada ya "ni" (jamaa ni balaa), au nyuma ya -a (shuti la balaa), au linabandikwa mwishoni kukoleza (mzuri balaa). Hapo limetulia tu, linapamba. Balaa lenyewe lina vitenzi vyake. Linampata mtu, linamkuta, linamkumba, linamwandama. Mtu anaponea chupuchupu, au analitafuta mwenyewe halafu majirani wanasema tulimwambia. Hakuna anayesema "nimekumbwa na balaa" akimaanisha kashiba pilau. Na wazee walipotaka kulikandamiza zaidi walilipa mwenza, wakasema balaa na belua, ukisikia hivyo ujue si mchezo. Shida ni kwamba mtu aliyesimama kwenye maji hapangi sarufi. "Huku balaa" haina kitenzi, haina "ni", haina chochote. Iko katikati ya barabara, pilau upande huu, mafuriko upande ule, na msomaji anakwenda upande anaoutaka. Sisi tulikuwa na njaa, tukaenda kwenye pilau.

La pili ndilo zito. Chukueni neno msiba. Nalo tumelitoa kwa Waarabu, lilipofika tukadhani ile m- ya mwanzo ni kiambishi cha kwetu, tukalipa na wingi, misiba, kama mti na miti. Ni neno la hofu kama balaa. Lakini umewahi kusikia "shuti la msiba"? Umewahi kusikia "mtoto mzuri msiba"? Hakuna. Utani upo, sikatai. Siku sisi Simba tulipofungwa 5-1 na Yanga, tarehe 5 Novemba 2023, watani walitupa pole za msiba wiki nzima (na sitaki kulizungumzia zaidi ya hapo). Ila hata kwenye utani ule msiba ulibaki kuwa kilio. Haukugeuka sifa.

Kwa nini balaa limegeuka na msiba umegoma? Mtazamo wangu ni huu: msiba una watu. Mtu akisema "nina msiba" hakuna anayeuliza umemaanisha nini. CR anafungua orodha ya rambirambi, mwenye buku anatoa buku, mwenye jero anatoa jero, mhadhiri mkali kuliko wote anasema nenda utafanya tesiti ukirudi. Kule nyumbani majirani wanaleta mikeka na masufuria kabla hata hawajaambiwa saa ya mazishi. Neno linatamkwa, miguu inaanza kutembea. Ukilichezea neno kama hilo utaonekana huna akili, kwa sababu kuna watu watakuwa wameshavaa viatu.

Balaa halina mkeka. Halina orodha, halina rambirambi, halina siku ya tatu. Mtu akisema balaa, sisi tunabaki palepale tulipokaa, tumekunja miguu, karanga mkononi. Na mimi naamini neno la hofu lisilomwinua mtu kitini litaishia kuwa pambo, hata kama lilianza na Firauni. Kamusi inaweza kuandika maana yake kwa wino mweusi, lakini wanaolilinda ni wale wanaoliitikia.

Najua kuna wadau watasema basi tulipige marufuku, balaa libaki kwa mafuriko na moto, karanga zitafutiwe neno lingine. Bibi angewapigia makofi. Mimi sipo. Kwanza haiwezekani, nani atasimama kwenye chumba cha TV dakika ya 89 kukusanya maneno? Pili, rumeti mwenyewe bado anasema "chenga ya balaa", tena kwa sauti kuliko mtu yeyote. Nilimuuliza inakuwaje, akasema maji yamechukua mpunga, yasimchukulie na raha ya mpira. Kama yeye hajalifungia neno, mimi ni nani?

Ninachoomba ni kidogo zaidi ya hapo, na kwa kweli ni kigumu zaidi. Tuulize. "Balaa la nini?" Maneno matatu. Hayamalizi hata bando la jero. Kama ni pilau atakwambia, mtacheka, utadai mapaja yako. Kama ni maji, atakwambia pia, kwa ile asilimia nne iliyobaki. Au kama huna muda wa kuuliza, anza na pole. Pole ya bure haina hasara. Ukimpa pole mtu aliyeshika paja la kuku atakucheka, utachekwa, na dunia itaendelea. Lakini ukimpa kicheko mtu ambaye ndugu yake yuko juu ya mwembe, kile kicheko hukirudishi. Mimi changu nimejaribu kukirudisha miaka yote hii, na jana usiku nimeletewa tena sikioni, kwa utani. Afadhali utani. Ni yeye ndo mwenye haki ya kuutania.

Tena msidhani haya ni ya mafuriko tu. Wangapi humu hosteli wamesema "mwaka huu balaa" tukadhani wanatania masomo, kumbe mkopo haujatoka na wanakula mara moja kwa siku? Wangapi wamesema "nyumbani balaa" tukawajibu "pambana mzee", tukageukia upande wa pili tukalala? Mtu anayezama hachagui maneno mapya. Anatumia yaleyale ya kila siku, ya kwenye mpira na kwenye karanga, kwa sababu ndiyo aliyonayo mdomoni. Kazi ya kutofautisha ni ya anayesikia.

Sasa rudini kwenye ile maana ya mwanzo, ya kupima. Siku zote nilidhani aliyekuwa kwenye mtihani Aprili ile ni rumeti. Alikuwa kwenye mtihani, ndiyo, na aliufanya bila desa. Lakini na sisi tulikuwemo. Darasa zima, watu themanini na kitu, tumekaa pakavu, simu zina chaji, na swali likaja la maneno mawili tu. Tukafeli wote. Baadaye tulifanya sapu: CR alipitisha orodha, tukachanga, zikapatikana hela za mabati machache. Sisemi ili tusifiwe. Wote mnajua sapu hata ukipata mia wanakuandikia C.

Leo asubuhi nilimpigia bibi simu. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia yote, kuanzia pilau lake mpaka mapaja yangu. Nilitegemea aniambie "nilikuonya". Akaniambia kweli: "Si uliliita, likaitika kwa mwenzio." Halafu akanyamaza kidogo, akauliza, "Na mama yake huyo kijana, sasa hivi analala wapi?"

Nikakosa jibu. Miaka miwili chumba kimoja, natumia sabuni yake, najua mpaka namba yake ya usajili, na swali hilo sijawahi kuuliza. Hapa naandika kuhusu kuuliza, na mimi mwenyewe sijauliza.

Nilipokata simu nikamgeukia, nikamuuliza. Akafunga daftari, akakaa kitandani, akaanza kunieleza. Ilichukua saa nzima. Hayo ni ya kwake, siyaandiki.

Haya wadau, ni mtazamo tu wa mtu aliyefeli. Kwenu neno hili linatumikaje, na bibi zenu wanasemaje mkilitia kwenye chakula? Ngoja nikasome sasa, manake UE ni balaa, na safari hii nimesema kwa maana zake zote.

Tupo pamoja.